Kwenu vijana mliohamia Kinyerezi na mbwa wa mnyororo

Wanangu, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu kahamia kijana, ukuta wa nje haujapigwa plasta ila geti la maana, kamera mbili na kibao MBWA MKALI. Huyo mbwa mkali nilimwona akishushwa kwenye bodaboda ndani ya kiroba cha unga, wiki tano sidhani kama anafika, anatembea anapepesuka. Jioni hiyohiyo kafungwa mnyororo kwenye mpapai. Kalia usiku kucha. Usiku wa pili bwana mwenye nyumba katoka na ndoo kammwagia maji. Siku chache baadaye kelele zikaisha, watu wakasema si umeona, kazoea, kumbe mtoto wa watu anaharisha damu, na hakupona. Kijana ananiambia, mzee, mbwa wa siku hizi wabovu. Wabovu!

Sasa nisikilizeni. Mbwa asitoke kwa mama yake kabla ya wiki 8, na anayekuuzia chini ya hapo anakupiga. Na analia usiku kwa sababu jana alilala katikati ya ndugu zake, leo yuko peke yake gizani kwenye harufu asiyoijua, hata wewe ulipopelekwa bweni ulilia shuka likalowa, usinidanganye. Nilivyomleta Tomi wangu niliomba tambara alilokuwa akilalia mama yake, nikaliweka kwenye boksi, boksi nikaliweka barazani. Ndani hakuingia, mke wangu anaswali na mimi namheshimu. Basi nikatandika mkeka nikalala nje naye, akilia nashusha mkono tu ananusa vidole ananyamaza, usiku wa nne nikarudi chumbani. Mtaa mzima ulishasema mzee kafukuzwa na mkewe. Tomi kaishi miaka 11 na hakuna kibaka aliyeruka ule ukuta, na pilipili hajawahi kulishwa, maana kuna wajuaji humu wanawalisha mbwa pilipili eti wawe wakali. Mnamuunguza mbwa tumbo bure.

Kabla hajaja zungukeni nyumba. Zibeni tundu chini ya geti, okoteni misumari na vipande vya nondo alivyoacha fundi, ondoeni sumu ya panya na waya zinazoning'inia. Chakula wiki ya kwanza kiwe kilekile alichokula alikotoka, mbadilishe taratibu. Vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Maji muda wote. Kivuli cha kweli, sio bati tupu, jua la Februari hapa Dar mnalijua wenyewe.

Chanjo. Ya parvo, ndiyo huo ugonjwa wa kuharisha damu, inaanza wiki ya 6 mpaka ya 8 na inarudiwa mpaka afike wiki 16, na kabla hajamaliza usimpitishe kwenye majalala wanakozurura mbwa wa mtaani. Ya kichaa akifika miezi mitatu, halafu marudio atakavyokupangia daktari wa mifugo. Mtoto aking'atwa, kidonda kinaoshwa na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali siku hiyohiyo, habari za kupaka majivu acheni, kichaa kikishaonyesha dalili ni kuzika tu.

Ila lawama sio zenu peke yenu, na hapa najisema na mimi. Sisi ndio tuliowalea mkimuona mbwa mnaokota jiwe. Tukitaka kumtukana mtu tunamuita mbwa, leo tunashangaa hamjui kumkaribisha mbwa nyumbani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, muulize mtu yeyote hapa kijiweni kama anaijua. Watoto wakitoka shule wanapita wanarusha mawe getini, wazazi tupo tunaangalia, afu mbwa akija kuuma tunaitana kikao cha mtaa.

Na wewe jirani, nasikia Jumamosi unaletewa mwingine. Muulize muuzaji ana wiki ngapi, na umwangalie meno, sio kumsikiliza tu. Boksi la Tomi bado ninalo stoo, pita uchukue. Mkeka pia upo.