Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kilimo: Mitego ya Nzi wa Matunda Isomwe

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Umwagiliaji, Maliasili na Mifugo,

Assalamu alaykum.

Mimi ni mkulima wa miembe huku Konde, Pemba. Katika muembe wangu wa boribo ulio karibu na kisima umening'inia mtego wa plastiki ya manjano, ambao wataalamu fulani, nisiokusudia kuwataja, waliutundika misimu miwili iliyopita. Juzi niliufungua: chambo kimekauka kama mbata, nzi wamekuwa unga, na buibui amejenga mlangoni. Hakuna aliyerudi kuwahesabu.

Nzi huyu wa matunda, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na mwaka huo huo akaonekana Tanzania. Jike hutaga mayai chini ya ganda la embe, kwa hivyo tunda linaloonekana zima sokoni huenda tayari lina mabuu, nayo yakishiba hutoka, hujichimbia udongoni na kuibuka nzi wapya. Anayengoja kuona maembe yameoza amekwisha kuchelewa kizazi kizima.

Mtego wenyewe si dawa, na hili wakulima wenzangu wengi hawakuelezwa. Chambo cha methili eujenoli, dawa ya harufu iliyomo mtegoni, huvuta madume tu, na nzi wa matango, ambaye ni aina nyingine, hakifuati kabisa, kwani yeye ana chambo chake kingine. Faida ya mtego ni hesabu: ni nzi wangapi wamenaswa kwa siku, wiki hii kulinganisha na iliyopita, ili hesabu inapoanza kupanda tujue kuwa wakati umefika wa kupuliza chambo cha protini chenye sumu na kuokota kila embe lililoanguka kabla mabuu hayajaingia ardhini.

Kazi hii si ngeni Zanzibar. Mbung'o walipomalizwa Unguja, madume waliofanywa tasa kwa mionzi, ili majike wasizae, waliachiwa kwa ndege kuanzia mwaka 1994, na mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Lakini kilichotupa uhakika kuwa wamekwisha ni mitego ya gundi, iliyoendelea kukaguliwa hata pale ilipokuwa haina kitu. Mtego mtupu uliosomwa ni habari. Mtupu usiosomwa ni plastiki tu.

Kwa hivyo ninaomba, Mheshimiwa, mitego iwekwe na isomwe kila wiki katika bandari za Mkoani na Wete, yanakoshushwa matenga ya matunda, na katika shehia zenye miembe mingi. Chambo kibadilishwe kabla hakijakauka, na hesabu ibandikwe kwa sheha badala ya kuishia kwenye faili. Wa kwangu nitausoma mwenyewe bila malipo. Ninachohitaji ni chambo kipya na nambari ya simu ya mtu wa kumpelekea hesabu.

Wako mtiifu,
Mkulima wa Konde, Pemba