Safari ya Siku Tatu Mtoni kwa Kayaki: Tunaanza kwa Kukupunguzia Kilomita

Mteja anapotupigia simu kuulizia safari ya kuteremka mto kwa kayaki, avue samaki na kulala kambini, swali lake la kwanza karibu kila mara huwa: "Kwa siku tatu tunaweza kufika wapi?" Ameshafungua ramani, ameliona daraja la juu na daraja la chini, na moyo umeshapenda umbali mrefu. Nasi humuuliza letu: "Unakwenda kusafiri au unakwenda kuvua?" Jibu lake ndilo linaloamua mengine yote, kuanzia mahali pa kuingilia majini hadi ukubwa wa sufuria.

Tunauliza hivyo kwa sababu tuliwahi kukosea. Mojawapo ya safari zetu za mwanzo tuliipanga kilomita 75 kwa siku tatu. Kwenye karatasi ilipendeza: kilomita 25 kwa siku, mto mpole, watu wenye nguvu zao. Walirudi salama, lakini mmoja wao alituambia kwamba safari nzima ndoana yake ilikaa majini kwa muda usiofika saa mbili. Siku zote tatu walipiga kafi kuwahi kambi kabla ya giza, wakavipita vilindi vizuri ambavyo ndivyo vilivyowatoa nyumbani. Walilipia uvuvi, tukawapa mbio. Jambo hilo lilituuma, na tangu siku hiyo kila mpango tunaouandaa unaanza kwa kupunguza kilomita.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua siku yenye saa 12 za mwanga. Asubuhi, kula, kukunja hema na kupakia kayaki huchukua saa mbili, na anayesema nusu saa hajawahi kupakia kayaki iliyolowa umande. Jioni unahitaji kufika kambini angalau saa mbili kabla ya giza. Toa saa moja ya kula na kupumzika mchana, na nyingine ya kushuka ukingoni kukagua sehemu usizoziamini. Zinabaki saa sita. Ukitaka kuvua kwa saa tatu na nusu, za kusafiri ni mbili na nusu tu. Kayaki ya kuvulia ni pana na nzito, na ikiwa imebeba mzigo wa kambi huenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa kwenye maji yaliyotulia. Kwa hiyo siku nzima ni kilomita 10 hadi 12. Siku ya kwanza na ya mwisho huwa pungufu, kwa sababu kuna magari ya kupeleka na kurudisha. Safari ya siku tatu ikifika kilomita 28, kwetu hiyo ni ndefu.

Wengine hutujibu kwamba mkondo utawasukuma. Ni kweli, mkondo husaidia, lakini mvuvi muda mwingi anapambana nao ili abaki mahali alipo. Halafu kuna upepo. Ukivuma kutoka chini ya mto kuelekea juu, unaweza kuufuta kabisa msaada wa mkondo, na kayaki ya kuvulia, kwa vile kiti chake kimeinuka, huupokea upepo kama tanga.

Kosa jingine liko kwenye ramani yenyewe. Mto haunyooki kama barabara. Madaraja mawili yaliyoachana kilomita 15 kwa gari yanaweza kuwa na kilomita 25 za maji kati yao, kwa sababu ya mizingo. Pima kwa kufuata katikati ya mto, pindo kwa pindo. Ni kazi ya dakika ishirini kwenye simu, na imewahi kutuokolea safari zaidi ya moja.

Maji ya siku hiyo, si maji ya mwaka jana

Ukishajua umbali, tunahamia kwenye maji, na hapa tunaomba uvumilivu kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Kuna daraja za kimataifa za ugumu wa mito, kuanzia I hadi VI. Daraja la I ni maji yanayotembea na viwimbi vidogo. Daraja la II lina mawimbi mepesi na njia pana inayoonekana wazi. Kuanzia la III unahitaji ujuzi wa kukata kona kwa haraka katikati ya mawe, na la VI ni la hatari kubwa mno. Kayaki za kuvulia zilizobeba hema na vyakula tunazikodisha kwa mito ya I na II tu. Hatubadilishi hilo hata kwa mteja mzoefu, kwa sababu kayaki iliyojaa mzigo haigeuki kwa wakati.

Lakini daraja hilo si mali ya mto milele. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma huongezeka mara nne. Mto uliokuwa wa watoto mwezi uliopita unaweza kuwa mwingine kabisa baada ya mvua ya siku mbili huko milimani, wakati juu ya kichwa chako mbingu ni nyeupe. Kama juu yako kuna bwawa la umeme, maji yanaweza kupanda bila mvua yoyote kwa sababu wamefungulia milango. Kwa hiyo, siku tatu kabla ya safari na tena asubuhi ya kuondoka, tunasoma vipimo vya kina na vya mtiririko pale vinapopatikana, tukitazama zaidi kama maji yanapanda au yanashuka. Maji yanayopanda huwa na rangi ya udongo na hubeba matawi, na hata samaki hawaoni chambo. Yanayoshuka na kuanza kung'aa baada ya mafuriko mara nyingi huwa na uvuvi mzuri sana.

Ule msemo wa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, kwetu haufanyi kazi. Ukifika ukakuta mto umepanda, vaa nguo zako tupange siku nyingine.

Vitu viwili tunataka kila mteja avijue kwa macho. Cha kwanza ni mti ulioanguka ndani ya mkondo. Maji hupita katikati ya matawi, lakini mtu na kayaki havipiti, na nguvu ya maji hukugandamiza hapo. Kaa mbali mapema, usisubiri ufike karibu ndipo uamue. Cha pili ni ukuta mfupi uliojengwa kukatiza mto. Kutoka juu unaonekana kama mstari ulionyooka tu, wala hautishi. Chini yake maji hujikunja na kurudi nyuma, na kinachoanguka humo huzungushwa bila kutoka. Shuka ukingoni mbali kabla yake na ubebe kayaki nchi kavu. Hiyo nayo iingize kwenye hesabu ya muda: kayaki tupu ya kuvulia huwa na kilo 30 hadi 45, na kuivusha mita 300 pamoja na mzigo wake kwa safari kadhaa huweza kumaliza saa nzima.

Ukianguka kwenye maji ya kasi, lala chali, miguu mbele ielekee mto unakokwenda, vidole vya miguu juu ya maji. Usijaribu kusimama, kwa sababu mguu ukinasa katikati ya mawe mkondo utakulaza kifudifudi. Jaketi la kuokoa maisha linavaliwa na kufungwa muda wote. Lililofungwa nyuma ya kiti halijawahi kumsaidia aliyeanguka. Kama maji ni ya baridi, kumbuka kanuni ya 1-10-1 iliyoenezwa na Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada: una dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, na saa 1 hivi kabla baridi haijakupotezea fahamu. Kwa hiyo nguo huchaguliwa kwa kufuata baridi ya maji, hata kama jua linawaka.

Na kwa wanaotuuliza kuhusu mito yenye viboko na mamba: hatukodishi kayaki kwa mito hiyo. Mtu aliyekaa karibu na usawa wa maji hana ulinzi wowote hapo.

Chagua kambi kwa maji yaliyo mbele yake

Hii ndiyo siri ndogo inayobadilisha safari, na tunaitoa bure. Mara nyingi uvuvi huwa mzuri alfajiri na jioni, yaani saa zile zile ambazo uko kambini. Basi kambi iwe mahali ambapo unaweza kuvua kwa miguu. Samaki wa mtoni huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, na hupenda pale wanapopumzika huku chakula kikiletwa na mkondo: nyuma ya jiwe kubwa, kwenye mpaka wa maji ya kasi na maji tulivu, upande wa nje wa mzingo ambako maji yamechimba kilindi, na kwenye mdomo wa kijito. Ukipata ukingo mzuri wa kulala unaotazamana na kimojawapo, simama hapo hata kama zimebaki kilomita mbili za mpango. Saa za katikati ya siku, samaki wakiwa wazito kula, ndizo za kusogea.

Kabla ya kusimika hema, inua macho. Nyasi kavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi vinakuonyesha mafuriko yaliyopita yalifika wapi. Lala juu ya alama hiyo. Fungu la mchanga katikati ya mto linavutia sana na picha zake ni nzuri, lakini mvua ikinyesha juu utaamka umezungukwa. Angalia pia kama juu yako kuna tawi lililokufa, na kama hapo si njia ya wanyama kwenda kunywa maji. Halafu chomeka kijiti pale maji yanapogusa ukingo. Ukiamka usiku, kimulike. Kama kimezama, hama saa hiyo hiyo. Kayaki ziburuzwe juu kabisa na zifungwe kwenye mti, maana kayaki iliyochukuliwa na maji usiku inakuacha katikati ya safari bila njia.

Samaki wasafishiwe mbali na hema, na chakula kisilale na watu. Choo ni shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, umbali wa mita 60 hivi kutoka majini. Maji ya kunywa kutoka mtoni yachemshwe yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 kama uko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Vichujio vingi vya kubebeka huzuia bakteria na vijidudu vikubwa zaidi, lakini virusi hupita. Na tafadhali usipange chakula cha jioni kwa kutegemea samaki ambaye hujamvua.

Uzito na vifaa

Tutakupa orodha kamili ukishaweka nafasi, kwa hiyo hapa nagusia machache tu. Usizidishe asilimia 70 ya uzito ambao kayaki imeandikiwa. Kayaki iliyoandikiwa kubeba kilo 180 ibebe kilo 126. Wewe ukiwa na kilo 80, zinabaki 46 za kila kitu, na lita 12 za maji peke yake ni kilo 12. Vizito viwekwe chini na karibu na kiti, vyepesi kwenye omo (mbele) na tezi (nyuma), na vyote ndani ya mifuko isiyopitisha maji. Fimbo za kuvulia zilazwe kabla ya kila mkondo mkali, kwa sababu zikisimama hunasa matawi.

Nanga ndiyo inayotunyima usingizi. Ukifunga nanga ubavuni mwa kayaki kwenye mkondo, maji yanaipindua kabla hujapiga kelele. Ifungwe omo au tezi tu, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na kisu kiwe kwenye jaketi. Kwenye maji ya kasi usishushe nanga kabisa. Panda ukingoni uvue ukiwa umesimama.

Vibali vya kuvua na ruhusa ya kulala ukingoni huhitaji siku kadhaa, na mto mmoja unaweza kupita kwenye mamlaka zaidi ya moja zenye sheria tofauti. Tuambie mapema tukusaidie kuuliza.

Mwisho, tunataka jina la mtu mmoja anayebaki nyumbani. Yeye atakuwa na karatasi yenye mahali mnapoingilia, kambi mbili mnazotarajia, mahali pa kutokea, na saa ambayo asipowasikia ataomba msaada. Simu nyingi hukosa mtandao kwenye mabonde ya mito, kwa hiyo kama unacho kifaa cha setilaiti, kije. Filimbi tunawapa sisi. Milio mitatu ni kuomba msaada.

Asubuhi ya kuondoka, gari moja huachwa chini mtakapotokea na jingine huwaleta juu. Kabla kayaki ya kwanza haijagusa maji, tutawauliza nani ana funguo za gari la chini, na tutaomba tuzione kwa macho. Zimewahi kubaki ndani ya gari la juu.