Bei za vipuri na arei yenye matawi

Nairobi

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi ya Julai. Sisi tu wazima, na natumaini huko Mombasa nyumbani wote hamjambo.

Orodha ya bei za vipuri vya magari uliyonitumia, ile arei ya PHP (lugha ya kuandikia programu; arei ni orodha inayoweza kubeba orodha nyingine ndani yake, kama matawi), nimeipitia yote. Foreach zako (amri za kupitia arei kitu kimoja kimoja) zimeingiana hadi tano, na bado kuna bei ambazo hazijaongezwa VAT ya asilimia 16. Kosa si lako, bidhaa zenyewe ndizo zilivyo. Ukitembea Kirinyaga Road utaona: betri ni betri, ukitaja ukubwa unaambiwa bei papo hapo. Lakini ukiulizia pedi za breki, muuzaji atataka kujua gari gani, la mwaka gani, za mbele au za nyuma. Kwa hiyo kwenye arei yako bei ya betri iko ngazi ya pili, na ya pedi iko ngazi ya tano. Foreach za idadi maalumu haziwezi kufuata matawi yasiyolingana.

Uliuliza kuhusu array_map. Hiyo huikabidhi kolibaki yako (fanksheni unayoipa fanksheni nyingine iiite) kila kitu kilichoko ngazi ya juu tu, basi. Kilichoko hapo kikiwa ni arei nyingine, kolibaki inapewa arei nzima. Ndiyo maana trim, ya kuondoa nafasi tupu pembeni, ilikugomea: inataka stringi, yaani maandishi. Na shukuru unatumia PHP 8, ambayo husimamisha kazi kabisa. Toleo la 7 lilikuwa linatoa onyo tu, kisha linaweka null mahali pa tawi zima, na bei zote za tawi hilo zimepotea.

Fanksheni iliyotengenezwa kwa kazi hii ni array_walk_recursive. Inashuka matawi yote na kuita kolibaki kwenye majani pekee, yaani thamani zisizo arei, ikiipa thamani kwanza, halafu ufunguo (jina la thamani hiyo, kama 'bei'). Ukitaka thamani ibadilike, lazima uweke & mbele ya kigezo cha kwanza cha kolibaki. Usiandike $mpya = array_walk_recursive(...), kwa sababu inachorudisha ni true, mabadiliko yamefanyika ndani ya arei ileile uliyoipa.

Na hapo ndipo ninapoiogopa kwa mambo ya pesa. Ukurasa ukiita hesabu ya kuongeza VAT mara mbili juu ya arei ileile, bei ya shilingi 1,000 inakuwa 1,160, kisha 1,345.60. Mteja anatozwa VAT juu ya VAT, na bei ya mwanzo huna tena ya kulinganishia. Ndiyo maana nakusihi uandike fanksheni yako mwenyewe, inayojiita:

function pitia(array $a, callable $kazi): array {
    foreach ($a as $k => $v) {
        $a[$k] = is_array($v) ? pitia($v, $kazi) : $kazi($v, $k);
    }
    return $a;
}

Isome polepole. Ikikuta arei, inajiita tena kwa arei hiyo. Ikikuta jani, inaita kolibaki. PHP huipa fanksheni arei kwa thamani (kama nakala), si kwa marejeo (arei yenyewe), kwa hiyo orodha ya mwanzo haiguswi. Iwe ngazi mbili au kumi, kwake ni sawa. Tena hapo kwenye is_array, inayouliza kama kitu ni arei, una nafasi ya kuruka tawi zima ukitaka, jambo ambalo array_walk_recursive haikupi, maana matawi haikuonyeshi kamwe.

Sasa kolibaki yenyewe:

$mpya = pitia($orodha, fn($v, $k) => $k === 'bei'
    ? round((float) str_replace(',', '', $v) * 1.16, 2)
    : $v);

Usiache kuangalia ufunguo. Nimeona kila kipuri kina 'namba' kando ya 'bei', na namba nyingine ni tarakimu tupu. Ukitegemea is_numeric (inayouliza kama thamani ni namba) peke yake, kipuri namba 44650 kitageuka 51794, na mtu wa stoo atakitafuta mpaka jioni.

Koma nazo ni hatari kuliko zinavyoonekana. Mwenye duka ameandika '8,500' kama anavyoandika kwenye risiti. Bila kuiondoa koma, PHP husoma 8 na kuacha kilichobaki, na betri inauzwa shilingi 9.28. Ukiwa na (float) kama hapo juu, hakuna hata onyo; bila (float) onyo litatoka, lakini kwenye seva nyingi maonyo yamefichwa, hakuna atakayeliona.

Jaribu kwanza kwenye tawi la breki peke yake, kisha ulinganishe $orodha na $mpya kabla hujahifadhi chochote. Nimeona pia tawi la taa lina 'Bei' yenye herufi kubwa sehemu mbili. Zirekebishe kwanza, la sivyo zitarukwa.

Wasalimie wazee.

Rafiki yako wa siku zote