Barua ya Kufunga Muhula: Kuhusu Madaftari Yaliyojaa Mikato

Ndugu Wazazi na Walezi,

Salamu kutoka shuleni. Muhula umekwisha salama. Ripoti mtazikuta kwenye mabegi ya watoto, na tarehe ya kufungua imeandikwa humo, kwa hiyo sitairudia hapa. Barua hii ina jambo moja, nalo ni daftari la kuandikia.

Wengi mtakapolifungua mtashtuka. Sentensi zimekatwa, mishale imetoka mstari huu kwenda ule, maneno yamepachikwa pembeni, na kalamu nyekundu ya mwalimu haionekani kurasa nzima nzima. Mzazi mmoja ameshaniuliza kama walimu wameacha kusahihisha. Hawajaacha. Muhula huu tumefundisha uandishi kwa miradi, na mikato hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Chukueni mfano wa Darasa la Nne. Waliambiwa waandike mwongozo wa shule utakaowafaa watoto wageni, kila kikundi watoto wanne. Kikundi kimoja kikaandika: "Ukisikia kiu nenda pale kwenye bomba." Herufi kubwa ipo, nukta ipo, na zamani wangepata vema yao wakaenda zao. Safari hii mwalimu alimwita mtoto wa Darasa la Tatu, akampa karatasi, akamwambia ajifanye hajawahi kukanyaga shule hii na afanye kile tu kilichoandikwa. Mtoto alijitia ugeni hasa. Akasoma, akatoka mlangoni, akaangaza huku na huku, kisha akaelekea ofisini kwangu.

Darasa zima lilicheka, isipokuwa wale wanne. Walirudi mezani wamenuna, wakaanza kubishana: tuseme "kulia", lakini kulia kwa nani, anayetoka au anayeingia? Rasimu ya tatu ilisomeka hivi: "Toka mlangoni. Pinda kulia. Pita milango mitatu. Bomba liko mwisho wa ukuta." Yule mgeni wetu wa kuigiza alifika bombani na kunywa maji. Mimi nimeandika "eleza kwa ukamilifu" pembeni mwa insha za watoto miaka mingi, na sikumbuki kama iliwahi kumsaidia yeyote. Kumwona msomaji amepotea kulifanya kazi hiyo asubuhi moja.

Sasa kuhusu kushirikiana. Kuwaweka watoto wanne meza moja hakutoshi. Mwanzoni mwenye mwandiko mzuri alishika kalamu wiki nzima, mwingine akachora maua, wawili wakawa watazamaji. Baadhi yenu mlilalamika, na mlikuwa na haki. Tukaweka sharti: anayeshika kalamu hatoi wazo, anaandika anachoambiwa na wenzake, na kalamu inahama kila aya. Wale hodari ndio walioteseka zaidi, maana kunyamaza ukiwa na jibu kunahitaji mazoezi.

Darasa la Tano walitumia njia ambayo mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake waliianzisha mwaka 1971 katika shule za Austin, Texas, nchini Marekani, watoto wa rangi tofauti walipoanza kusoma pamoja huku wakichukiana. Kila mtoto hupewa kipande kimoja cha somo, akakijua vizuri, kisha huwafundisha wenzake. Kipande chake hakipatikani kwingine, kwa hiyo hata yule anayedharauliwa lazima asikilizwe. Baada ya kusikilizana, kila mmoja aliandika maelezo ya somo zima peke yake.

Na hapo ndipo lilipo jibu kwa mzazi anayejiuliza kama alama ya mwanawe imetegemea kikundi. Hakuna mtoto aliyebebwa wala aliyeangushwa na kikundi. Alama ya uandishi kwenye ripoti imetoka kwenye rasimu zake mwenyewe. Kazi ya kikundi imepewa maelezo tu, bila namba.

Gazeti la Darasa la Sita halikwenda vizuri, na kosa ni langu. Nilivutiwa na habari za Célestin Freinet, mwalimu wa Ufaransa ambaye mwaka 1924 aliingiza mashine ya kuchapia darasani, wanafunzi wakachapa maandishi yao wenyewe na kuyatuma kwa wenzao wa shule nyingine. Nikapanga gazeti la kurasa nane kwa wiki mbili. Wiki ya tano bado tulikuwa tunagombania kichwa cha habari. Muhula ujao litakuwa la ukurasa mmoja, litabandikwa ukutani, na litatoka kila mwezi. Nane zilikuwa tamaa yangu, si ya watoto.

Mwalimu wa darasa husoma rasimu ya kwanza kwa maana tu: imeeleweka au haijaeleweka? Tahajia na nukta zinasubiri rasimu ya mwisho, na hapo kalamu nyekundu hurudi na ukali wake wote. Mtoto akirekebishiwa herufi kumi kabla hajamaliza wazo moja, safari ijayo ataandika maneno machache ili asikosee.

Kwa likizo hii sina mazoezi marefu. Mtoto aandike barua moja kwa ndugu anayeishi mbali, na barua hiyo itumwe kweli, kwa karatasi au kwa kupigwa picha kwenye simu. Tafadhali msimwandikie. Nimeshapokea kazi za likizo zenye Kiswahili cha mahakamani kutoka kwa mtoto wa miaka minane, na mwalimu hana la kufanya nazo. Akikwama, muulizeni "halafu ikawaje?" kisha msubiri. Ndugu huyo akijibu, jibu lije shuleni pamoja na daftari.

Siku ya kufungua walimu wa madarasa watakuwepo asubuhi kwa mzazi anayetaka kupitia rasimu za mwanawe. Mwongozo wa Darasa la Nne umebandikwa mlangoni mwa ofisi. Mkifuata maelekezo yake mtaona sehemu moja haijakamilika bado: ya kwenda maktaba.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu