Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Historia ya Sekondari ya Pugu ikusanywe wangali hai walioiona

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kuhusu Shule ya Sekondari ya Pugu, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki kwa ajili ya wavulana na kujulikana zamani kwa jina la Chuo cha Mtakatifu Fransisko.

Baba yangu mdogo aliingia shuleni hapo mwaka 1957 akiwa amejitwika sanduku la bati la rangi ya kijani, lenye jina lake lililoandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mfuniko. Maisha yake yote, kila alipowaambia watu kwamba alisoma Pugu, aliulizwa swali lile lile: Mwalimu alikuwaje darasani? Naye alijibu kwa neno moja, "Sikumkuta," kwa kuwa Mwalimu Nyerere alikwisha kuondoka Pugu miaka miwili kabla yake. Jibu hilo likishatolewa, mazungumzo yalihamia kwingine. Hata mimi, niliyefundisha somo la Historia kwa miaka 28, sikuwahi kumuuliza swali la pili. Alipofariki niliachiwa lile sanduku. Ndani yake nilikuta cheti chake, daftari moja la jiometri na picha ya wavulana waliopangwa kwa safu tatu mbele ya jengo refu, wote wamevaa kaptula, mmoja wao amefumba jicho kwa ajili ya jua. Nyuma ya picha hakuna jina hata moja. Baba mdogo namtambua kwa masikio yake tu, na hao wengine wote sina wa kuniambia ni akina nani.

Ndiyo maana nakuomba, Mheshimiwa, wizara yako isimamie kazi ya kukusanya na kuandika historia nzima ya Pugu, na kazi hiyo ianze na wazee waliosoma hapo ambao wangali hai. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1954 amekwisha kuvuka miaka 85. Kwa hesabu hiyo, jambo hili haliwezi kungoja mpango wa miaka mitano ijayo.

Sisemi kwamba Mwalimu anatajwa kupita kiasi. Nasema tunamtaja peke yake, tukaiacha shule nyuma yake kama pazia, na matokeo yake ni kwamba hata habari zake mwenyewe hatuzielewi barabara. Alirejea kutoka Edinburgh mwishoni mwa mwaka 1952, akaja kufundisha Pugu, na mwezi Aprili 1953 akachaguliwa kuwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, katika Ukumbi wa Arnautoglo mjini Dar es Salaam. Ni vyema tujiulize iliwezekanaje. Katika miaka hiyo serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na kwa Mwafrika msomi wa wakati ule ajira karibu yote ilikuwa ya serikali. Mwalimu wa shule ya misheni alilipwa mshahara na mkono mwingine. Nafasi hiyo ilikuwa finyu, kwa kuwa shule za misheni nazo zilipokea ruzuku ya serikali, lakini ilitosha kumpa mtu mmoja miaka miwili ya kufundisha kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa na kushuka mjini mwisho wa wiki, safari ya kilomita kama 20, hadi Mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba, zilipokuwa ofisi za chama. TANU, iliyoirithi TAA, ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, rais wake alikuwa bado mwalimu wa Pugu. Nafasi ile ilifungwa mwezi Machi 1955. Mwalimu alihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York tarehe 7 ya mwezi huo, na aliporudi akatakiwa achague kati ya ualimu na siasa, akajiuzulu. Basi, anayetaka kujua chama kilipataje kiongozi mwenye muda na mshahara lazima aijue shule hiyo: nani aliiendesha, kwa fedha zipi, chini ya masharti gani, na mapadri waliompa kazi na baadaye kumtaka achague walikuwa wakibanwa na nani.

Lazima pia aijue Kariakoo. Aliposhuka kutoka Pugu, Mwalimu alipokewa na watu wa mjini kama Abdulwahid Sykes na jamaa zake, wengi wao Waislamu ambao watoto wao hawakuwa na njia nyepesi ya kuingia katika shule kama hiyo. Suala hili ni zito na halipaswi kupitwa kimyakimya katika historia itakayoandikwa. Elimu ya sekondari kwa Mwafrika wakati wa ukoloni ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni, na mlango wa misheni haukuwa na upana sawa kwa kila mtoto. Kwa wasichana ulikuwa mwembamba zaidi. Mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa na kulelewa katika Kanisa hilo, na sioni kwamba kulisema jambo hili kunalivunjia heshima. Kwa maoni yangu historia isiyolisema itakuwa na kasoro, na vijana wataigundua.

Kilima cha Pugu chenyewe kina kumbukumbu za miaka mingi kabla ya shule. Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika hapo mwaka 1888, na tarehe 13 Januari 1889 misheni yao ilishambuliwa katika vita vya watu wa pwani, chini ya Abushiri bin Salim, dhidi ya kampuni ya Wajerumani iliyokuwa imejitwalia nchi. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Abushiri naye alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo huo. Waumini wanaokwenda kuhiji Pugu wanawakumbuka wale watatu, na ni haki yao. Mwanafunzi wa Pugu anastahili kusikia pande zote mbili akiwa amesimama mahali penyewe, aelewe kwamba kwenye ardhi hiyo moja wapo waliokufa kwa ajili ya imani yao, na wapo waliopigana kwa sababu nchi yao ilikuwa ikichukuliwa. Baadaye eneo la Dar es Salaam lilikabidhiwa Wakapuchini kutoka Uswisi, ambao ni Wafransisko. Askofu Edgar Maranta, mmoja wao, aliliongoza kuanzia mwaka 1930 hadi 1968, na katika muda wake shule ya Pugu ikapata jina la Mtakatifu Fransisko na sifa yake. Kati ya waliosoma hapo ni Benjamin Mkapa, aliyepitia Ndanda na Kigonsera kabla ya kufika Pugu, kisha akaenda Makerere, na mwaka 1995 akawa Rais wa Awamu ya Tatu.

Naomba nieleze sasa kwa nini kazi hii inahitaji mkono wa wizara, na isiachiwe wanafunzi wa zamani peke yao. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970, ilizitwaa shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku na kuzifanya za serikali, ili mtoto wa dini yoyote aingie kwa matokeo ya mtihani wake. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake na sikuja kuulalamikia. Lakini ulikuwa na athari moja ambayo haizungumzwi: uliikata historia ya kila shule vipande viwili. Kabla ya 1970 mwenye shule alikuwa Kanisa, baada ya hapo mwenye shule ni Serikali. Kwa hiyo anayetafuta habari za Pugu hubisha milango miwili, na kila mlango humwelekeza kwenye mwingine. Jambo hilo nimelionja mwenyewe. Nilipoanza kutafuta majina ya wale wavulana wa kwenye picha, ofisi moja niliyokwenda iliniambia kwamba rejesta za zamani zilibaki kwa wamisionari. Nyingine iliniambia kwamba kila kitu kilikabidhiwa serikalini. Katika ofisi ya tatu kijana mmoja mwenye adabu alinionyesha kabati lililojaa majalada yaliyoliwa na mchwa, akafungua moja, na karatasi zikamvunjikia mkononi kama maganda ya karanga. Sitataja ofisi hizo, kwa sababu waliokuwamo walinipokea vizuri na kosa si lao. Hawakupewa chumba, wala mtu, wala agizo.

Mheshimiwa, wewe unaweza kutoa agizo. Najua kwamba uendeshaji wa kila siku wa shule za sekondari za serikali uko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, lakini sera na mitaala ni mambo ya wizara yako, na nafasi ipo tayari. Mtaala ulioboreshwa umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Wanafunzi wa Pugu wanaweza kulisoma somo hilo kwa kuwahoji wazee waliolala katika mabweni yale yale wanayolala wao: waliamshwa saa ngapi, walilima nini, asiye Mkristo aliruhusiwa nini wakati wa Misa, nani alifukuzwa na kwa kosa gani, mishahara ya wapishi ilikuwa shilingi ngapi, siku ya Uhuru walikuwa wapi, na mwaka ule shule ilipochukuliwa na serikali asubuhi ya kwanza ilikuwaje. Haya ndiyo maswali ambayo sikumuuliza baba mdogo. Simu walizonazo vijana na walimu wao zinatosha kurekodi sauti. Wanachohitaji ni mwalimu wa kuwaongoza, fomu ya ridhaa ya mzee anayehojiwa, na mahali pa kuhifadhi sauti hizo zisipotee simu inapouzwa.

Kwa upande wa nyaraka, naomba wizara yako ikae pamoja na Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, waandike orodha moja inayoonyesha kilichopo kwa kila mmoja. Hakuna anayelazimika kumkabidhi mwenzake chochote. Orodha yenyewe tu ingemaliza safari za kubisha milango. Kanisa halikosi uzoefu katika kazi hiyo, kwani makumbusho ya misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, yanawahudumia Watanzania wa dini zote na wageni.

Kuhusu majengo, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863, na jengo la baadaye hupata hifadhi pale tu waziri mwenye dhamana anapolitangaza. Shule ya Pugu ni changa mno kulindwa kwa umri wake. Nyumba aliyoishi Mwalimu huko Magomeni baada ya kuacha ualimu imefanywa makumbusho, na Butiama yapo makumbusho mengine. Naomba uzungumze na mwenzako wa Maliasili na Utalii kuhusu miaka ile miwili ya ualimu wa Pugu na mahali ilipopita. Wakati hayo yakizungumzwa, agizo dogo lingeokoa mengi: ukuta wowote wa zamani shuleni hapo usibomolewe wala kupigwa plasta mpya kabla ya kupimwa na kupigwa picha. Sipingi madarasa mapya. Wavulana wanaosoma Pugu leo wanahitaji madarasa, vyoo na maabara kuliko wanavyohitaji kumbukumbu, na mwalimu atakayesema vinginevyo hajawahi kufundisha darasa lililofurika. Kupiga picha na kupima ukuta ni kazi ya siku moja, na hakuchelewishi ujenzi.

Nimeambiwa na baadhi ya wenzangu kwamba barua ya namna hii ingefaa kuandikwa kwa ajili ya shule zote za aina hiyo, kama ile ya Mtakatifu Maria ya Tabora, ambako Mwalimu alifundisha kabla ya kwenda Edinburgh. Nakubaliana nao. Lakini nimeona mara nyingi mambo yanayoanzishwa kila mahali kwa siku moja yakiishia kwenye uzinduzi, kwa hiyo naomba tuanze na Pugu, ambayo iko karibu na vyuo vingi na wazee wengi, na ambayo kutoka kwangu Gongo la Mboto ni safari fupi ya daladala. Kazi ikifanikiwa hapo, Tabora na nyinginezo zitapata pa kuigia.

Sanduku la baba yangu mdogo, pamoja na daftari na ile picha isiyo na majina, niko tayari kulipeleka Pugu siku yoyote patakapopatikana chumba chenye kufuli na mtu wa kuniandikia hati ya mapokezi. Ikiwezekana, nakuomba picha hiyo ibandikwe kwanza mahali wazee wanapoweza kuiona.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa somo la Historia,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam