Kasha la babu yako na miswada ya Safvet-beg

Swahibu yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Mimi mzima, ila baridi ya huku Vienna bado inanitesa. Natumaini Lamu nyote hamjambo, na Mama umpe salamu zangu nyingi. Barua yako niliipata zamani. Kilichonichelewesha kujibu ni mtu mmoja aliyefariki mwaka 1934. Wiki tatu hizi nalala naye, naamka naye, na sina wa kumsimulia ila wewe.

Jina lake Safvet-beg Bašagić. Alizaliwa Nevesinje, mji wa Herzegovina huko Balkan, nchi iitwayo leo Bosnia na Herzegovina, mwaka 1870, nchi ikiwa bado mikononi mwa Waturuki. Alipofika miaka minane Waaustria wakaingia. Akaja kusoma Kiarabu na Kiajemi hapa hapa Vienna, akarudi Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, kufundisha, na mwaka 1900 yeye na wenziwe wakaanzisha jarida la Behar. Alikuwa mshairi pia, na mwaka 1910 alishika uenyekiti wa baraza la kutunga sheria la Bosnia. Siasa zake nazipita. Kilichonikamata ni tasnifu yake ya udaktari, iliyochapwa kitabu Sarajevo mwaka 1912: habari za watu wa Bosnia na Herzegovina walioandika fasihi ya Kiislamu.

Hebu fikiri. Watu hawa kwa karne kadhaa wameandika Kituruki, Kiarabu na Kiajemi. Ni rahisi mtu kuwahesabu wote kuwa ni wa Istanbul, kijiji alichozaliwa mshairi kikasahaulika. Bašagić akawatafuta mmoja mmoja. Yumo Ahmed Sudi, Mbosnia wa karne ya 16, aliyewafafanulia Waturuki mashairi ya Hafidh wa Shirazi, yule mshairi mkubwa wa Uajemi. Yumo Fevzi wa Mostar, aliyeandika kitabu cha Bulbulistan kwa Kiajemi mwaka 1739. Nami nilidhani Kiajemi ni cha Uajemi na Bara Hindi tu!

Na wako walioandika lugha yao wenyewe kwa herufi za Kiarabu, kama babu zetu walivyoandika tenzi. Mmoja wao, Muhamed Hevaji Uskufi, mwaka 1631 alitunga kamusi ya Kibosnia na Kituruki, tena kwa vina. Kamusi ya vina, ndugu yangu! Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu kwa furaha.

Miswada aliyoikusanya Bašagić haiko Sarajevo. Balkan haikuwa na utulivu, akaitafutia mahali pa salama, na katika miaka ya 1920 ikanunuliwa na maktaba ya chuo kikuu cha Bratislava, Slovakia, ng'ambo ya mpaka tu kutoka hapa nilipo. Ni juzuu 284, na tangu 1997 zimo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Kurasa zake zimewekwa kwenye intaneti. Usiku nikitoka kazini nazifungua: wino mweusi, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, na pembeni hashiya, yaani maelezo ya wasomaji, imeandikwa mshazari, mtu akimjibu mwandishi aliyekwisha kufa.

Ingebaki Sarajevo ingekuwaje? Tarehe 17 Mei 1992, katika vita vya Bosnia, taasisi ya mambo ya Mashariki ya mji huo ilipigwa mabomu, ikaungua na miswada yake zaidi ya 5,000. Agosti mwaka huo huo ikateketea maktaba ya taifa. Maktaba ya Gazi Husrev-beg, nayo ya Sarajevo, iliokoka kwa sababu watu waliibeba miswada mikononi, kwenye maboksi, wakiihamisha nyumba hadi nyumba huku wadunguaji wakilenga barabara. Mmoja wa wabebaji hao alikuwa mlinzi wa usiku wa maktaba, Mkongo. Mtoto wa Kongo kahatarisha roho yake kwa vitabu vya Bosnia. Hapo nilifunga kompyuta nikakaa kimya.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu. Lile kasha la marehemu babu yako, lililoko chumba cha juu. Mara ya mwisho ulipolifungua mbele yangu kulikuwa na madaftari matatu yamefungwa kwa kitambaa cha kanga, harufu ya karafuu imeyashika, na lile la chini kabisa mchwa walikwisha kula pembe moja. Ukanisomea beti mbili, ya tatu wino umefifia ukashindwa. Na juu ya kasha, darini, palikuwa na alama ya maji.

Kabla masika hayajaanza, nakuomba, lihamishe. Liweke chumba cha Mama, juu ya meza, mbali na ukuta. Usiyaanike madaftari juani wala usiyabandike gundi. Kisha piga picha ukurasa kwa ukurasa, mchana, karibu na dirisha, hata kwa simu yako. Muulize Mama jina la mwandishi, na baba yake, na mtaa wake, uyaandike yote. Gharama zozote nitatuma.

Anza na ile beti ya tatu.

Wako daima,
Swahibu yako wa Vienna