Habari za Ivar Aasen, kutoka Bergen

Swahiba wangu Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka huku Bergen, Norwe, kwa mvua, za masiku? Nimesoma ile meseji yako, ati lugha ya kutungwa mezani haiwezi ikawa lugha ya watu. Haya si mambo ya meseji, wacha nikuandikie vizuri nikupe habari za Ivar Aasen, Mnorwe aliyetunga lugha ya kuandikia kutoka lahaja za wakulima.

Huyu alizaliwa 1813 huko Ørsta, mtoto wa mkulima mdogo, mamake alifariki yeye akiwa na miaka 3, babake akiwa na 13, na chuo kikuu hakukanyaga kusoma. Norwe ilitoka mikononi mwa Denmark 1814 baada ya zaidi ya miaka mia nne, na watu nyumbani walikua wanaongea chao lakini kalamu ikishikwa ni Kidenmark, kanisani Kidenmark, kortini Kidenmark, yani mkulima akifungua mdomo anaonekana mshamba kwenye nchi yake mwenyewe. Hilo lilimchoma sana, na 1836 tayari alishaandika kwamba taifa huru lazima liwe na maandishi yanayotoka kwa watu wake.

Basi jumuiya ya wanasayansi ya Trondheim ikampa hela, na kuanzia 1842 mpaka 1846 akawa anazunguka wilaya kwa wilaya, anakaa na wakulima, anasikiliza, anaandika. Sarufi ikatoka 1848, kamusi 1850 ikiwa na maneno kama 25,000.

Sasa hapa ndo nataka unisikize. Hakuchukua lahaja ya mahali pamoja akasema haya nyote fuateni hii, hata ya kwao Sunnmøre aliyoijua kama kiganja cha mkono wake hakuipa kiti cha mbele. Alizilinganisha zote, zikigongana anaangalia ipi iko karibu zaidi na lugha ya kale ya Wanorwe. Ndo maana wanaandika eg (mimi) badala ya jeg, kva (nini) badala ya hva, na maneno mengi ya Kijerumani yaliyopitia Denmark akayaacha nje. Mwisho wake hakuna kijiji kinachoongea vile neno kwa neno, ila vijiji chungu nzima vinajiona mule ndani! Watu wa mjini wakapinga, wakasema si lugha ya mtu yeyote, lakini mi naona hapo ndo palipokua na haki, maana hakuna aliyeambiwa chako ni kibovu.

Angalia sisi. 1928 mkutano ulikaa hapo hapo Mombasa kwetu na kikachaguliwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikabaki lahaja, na leo mwanafunzi wako akiandika mato badala ya macho anapigiwa wino mwekundu. Kiunguja nakipenda, usinielewe vibaya, ila hakuna aliyepita Lamu, Pate na Mvita na daftari akauliza tuchanganye vipi.

Bunge la Norwe 1885 likasema lugha ya Aasen na ile ya maandishi ya Kidenmark ziko sawa, 1892 bodi za shule zikaruhusiwa kuchagua, na 1929 jina la hii ya Aasen likabadilishwa kutoka Landsmål likawa Nynorsk. Mpaka leo ukiiandikia ofisi ya serikali kwa Nynorsk ni sheria wakujibu kwa Nynorsk. Juzi rafiki yangu wa kazini kanionyesha pasi yake, jalada limeandikwa Norge, chini Noreg, na Norga ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, pia.

Si kwamba imeshinda, hapana. Wanaoiandika ni wachache, wengi wako magharibi huku, na watoto wengi wanaanza nayo shule halafu wanahamia Bokmål, yale maandishi mengine yaliyotokana na Kidenmark, kwa sababu simu na magazeti yamejaa hiyo, jambo linaniuma kweli. Lakini mwandishi Jon Fosse anaandika Nynorsk, na Nobel ya fasihi ya 2023 akachukua.

Kwa hiyo ukienda Faza likizo hii kwa mjomba wako, tafadhali beba daftari, kaa na wale wazee wa majahazi, andika wanavyosema bila kuwasahihisha, halafu nitumie kurasa kwa simu, na mi nitamwomba shangazi wa Kisauni afanye hivyo hivyo tulinganishe.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Zuhura